Bima Huuliza Maji Yameingilia Wapi

Mpango wa serikali ya Marekani wa bima ya mafuriko ulisimama kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, Bunge la nchi hiyo liliposhindwa kupitisha bajeti. Tangu hapo nimesikia hitimisho moja likirudiwa na wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Arizona, kuanzia Phoenix hadi Tucson: bima hii haitegemeki, na kwa kuwa tunaishi jangwani, hatujapoteza kitu. Naelewa hitimisho hilo linatoka wapi. Mtu anayehesabu dola za kodi ya nyumba kila mwezi akisikia serikali yenyewe imefunga dirisha, ana haki ya kuuliza kwa nini atoe pesa yake. Lakini habari ile imeeleweka vibaya. Kilichosimama ni kuuza hati mpya za bima na kuhuisha zilizokwisha. Hati zilizokuwa hai ziliendelea kuwa hai hadi tarehe zake, na wenye madai waliendelea kulipwa. Aliyenunua mwezi Agosti hakuguswa. Aliyesubiri hadi Oktoba ndiye aliyekuta mlango umefungwa. Hoja yangu basi ni hii: katika jangwa hili wanaoumizwa na dhoruba si wale tu wasio na bima. Wapo wengi wenye bima, ila bima yao inazungumzia maji mengine, na waliisoma wakati mawingu yameshasimama juu ya paa.

Tuanze na neno lenyewe. Wenyeji wa hapa huziita mvua hizi monsoon, neno lililotokana na mawsim ya Kiarabu, ile ile iliyotupa sisi msimu. Kwa watu wa pwani yetu msimu haukuwa tu hali ya hewa. Ulikuwa ratiba. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, kusi ikayarudisha, na nahodha aliyechelewa kusi alikaa bandarini hata upepo ugeuke tena, awe na haraka au asiwe nayo. Tangu mwaka 2008 idara ya hali ya hewa ya Marekani imeweka msimu wa Arizona kati ya 15 Juni na 30 Septemba. Kabla ya hapo ulitangazwa kwa kupima unyevu hewani siku tatu mfululizo. Walibadilisha kwa sababu ya maana: watu walikuwa wakisubiri kutangaziwa ndipo wajiandae, wakati radi, vumbi na mafuriko haviombi tangazo. Bima ya mafuriko nayo ina tarehe yake, na watu wengi hawaijui. Ukinunua leo, kwa kawaida inaanza kufanya kazi baada ya siku 30. Kwa hiyo anayetaka kuwa na kinga siku ya kwanza ya msimu lazima awe amelipa kufikia katikati ya Mei, wakati mbingu ya Phoenix haina hata wingu la kusingizia na joto ndilo linalozungumzwa kila mahali.

Hapo ndipo jangwa linapomdanganya mgeni. Phoenix hupata takriban milimita 180 za mvua kwa mwaka mzima, na za msimu huu ni kama 62 tu. Mtu aliyekulia Bukavu au Bujumbura akisikia takwimu hizo anaona hiyo si mvua ya kuzungumziwa. Lakini tarehe 8 Septemba 2014 uwanja wa ndege wa Phoenix ulipokea takriban milimita 84 kwa siku moja, zaidi ya wastani wa msimu wote, na barabara kuu zikageuka mito yenye magari ndani yake. Sababu iko ardhini. Chini ya udongo wa sehemu nyingi za Arizona kuna tabaka gumu la chokaa, wenyewe huliita kalichi, lisilopitisha maji kwa urahisi. Juu yake tumeweka lami, saruji na kokoto. Mvua inayoshuka kwa nusu saa haina pa kuzama, hivyo inatafuta korongo. Makorongo haya hukaa makavu miezi mingi hadi watoto wanacheza ndani yake na wajenzi wanajenga kando yake. Anayeijua kaskazini ya Kenya, nchi ya laga, yaani makorongo makavu kama haya, hahitaji kuelezwa: mvua inanyesha milimani ambako wewe huioni, na maji yanakufikia chini ya jua kali. Tena hakuna mwaka unaofanana na mwingine. Tucson ilipata milimita 41 katika msimu wa 2020 na 325 katika msimu wa 2021. Phoenix mwaka 2023 haikufikisha hata milimita 4. Mtu anayepima hatari kwa kukumbuka mwaka jana, hapa atakosea karibu kila mara.

Sasa tuifungue hati ya bima. Miaka michache iliyopita niliketi mezani na mama mmoja, mzaliwa wa Uvira, nikimsomea barua kutoka kampuni yake ya bima. Yeye na wanawe walikuwa wamenunua nyumba ndogo, wakailipia bima ya nyumba bila kukosa mwezi hata mmoja. Jioni moja ya Julai maji yalipita kwenye kichochoro cha nyuma, yakaingia chini ya mlango wa jikoni na kuloweka zulia, makochi na kuta hadi usawa wa goti. Barua ilisema hakuna kitakacholipwa, kwa kuwa yale yalikuwa maji ya juu ya ardhi. Akaniuliza, "Mwanangu, maji si ni maji?" Sikuwa na jibu la kumfariji, kwa sababu barua ile haikuwa imeenda kinyume cha mkataba. Mkataba wa kawaida wa bima ya nyumba nchini Marekani hauulizi maji yalikuwa mengi kiasi gani. Unauliza yameingilia wapi. Upepo ukipasua paa na mvua ikaingia kupitia tundu lile, unalipwa. Bomba likipasuka ukutani, kwa kawaida unalipwa. Maji yakija kwa chini, yakipanda kutoka barabarani au korongoni, hulipwi, hata kama ni mvua ile ile, ya dakika ile ile. Yakirudi kupitia choo au bomba la majitaka, mara nyingi hulipwi pia, isipokuwa umeongeza kifungu cha ziada. Yule mama alikuwa na kinga ya maji yanayoingia kwa juu, na yeye alipatwa na maji yanayoingia kwa chini.

Watu wengi wanaona mgawanyo huu ni ujanja wa makampuni. Mimi naona una mantiki, na mantiki hiyo sisi tunaijua kuliko tunavyodhani. Fikiria michango yetu. Mtu akifiwa, au jiko likaunguza chumba chake, kundi la simu linafunguliwa, kila mmoja anatoa alichonacho, na ndani ya siku mbili fedha zimepatikana. Mfumo huu unafanya kazi kwa sababu ameumia mmoja na mia wako salama. Moto huchagua nyumba moja. Mafuriko hayachagui, yanachukua mtaa mzima jioni moja. Makampuni ya bima yaliliona hilo zamani: katika mafuriko wachangiaji wote wanageuka wadai kwa wakati mmoja, na mfuko unakauka. Ndiyo maana yakajiondoa, na ndiyo maana serikali ya Marekani ikaanzisha mpango wake mwaka 1968, ili mtaa wa jangwani na mtaa wa pwani ya bahari viweze kuchangiana. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu hoja ninayoisikia mara nyingi katika jamii yetu, na yenye heshima kubwa, ni kwamba bima yetu sisi ni watu. Ni kweli, na nisingependa jambo hilo life. Lakini familia zetu hapa zimekaa pamoja: majengo yale yale, korongo lile lile, jamaa karibu na jamaa. Ukaribu huo ndio unaoupa mchango nguvu kwenye msiba, na ndio unaouondolea nguvu siku maji yanapoingia. Watakaoombwa kuchangia watakuwa wanatoa matope kwenye vyumba vyao.

Kwa wengi wetu, hata hivyo, jambo la kwanza la kuangalia ni gari, kabla ya nyumba. Sheria ya Arizona inamlazimisha dereva kuwa na bima ya kulipa madhara anayowasababishia wengine. Tangu Julai 2020 kiwango cha chini ni dola 25,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 50,000 kwa ajali nzima na 15,000 kwa mali. Kwa lugha ya nyumbani hiyo ni bima ndogo. Inamlinda yule uliyemgonga; gari lako mwenyewe halimo. Gari likizama kwenye maegesho, likipondwa na mti au likipigwa na mvua ya mawe kama ile ya 5 Oktoba 2010, iliyoleta hasara ya mabilioni ya dola Phoenix kwa alasiri moja, anayelipwa ni mwenye bima kubwa. Familia nyingi zinaendesha magari yaliyokwisha kulipiwa, yenye umri wa miaka kumi au zaidi, na zimeondoa bima kubwa ili kupunguza gharama. Sisemi wamekosea. Gari la dola 2,000 pengine halistahili kulipiwa bima kubwa mwaka baada ya mwaka. Swali la kujiuliza ni jingine: gari hili likiondoka kesho asubuhi, nitafika kazini kwa njia gani? Katika mji kama Phoenix, ambako ghala liko kilomita 40 kutoka nyumbani na basi halipiti usiku, kupoteza gari la dola 4,000 kunaweza kumaanisha kupoteza kazi. Thamani yake kwako ni kubwa kuliko bei yake sokoni, na hesabu inapaswa kuanzia hapo.

Kuna sheria moja ya kuongezea hapa, kwa kuwa wageni wengi hawaambiwi. Tangu mwaka 1995 Arizona inaweza kumtoza dereva gharama za kuokolewa, hadi dola 2,000, endapo alipita kizuizi na kuingia kwenye barabara iliyofurika.

Baada ya gari, chumba. Wengi wetu ni wapangaji, na kuna imani iliyoenea kwamba jengo likiwa na bima basi na vilivyomo vina bima. Bima ya mwenye nyumba inalipia kuta na paa lake. Kitanda chako, televisheni, cherehani, nguo za watoto na makaratasi yako havimo. Kwa hivyo kuna bima ya mpangaji, ambayo kwa kawaida ni nafuu kuliko zote, na faida yake kubwa mara nyingi haisomwi. Chumba kikiharibiwa na jambo linalokubaliwa na mkataba, inalipia pia mahali pa kulala wakati matengenezo yanaendelea. Tarehe 13 Oktoba 2025 upepo ulioporomoka kutoka wingu moja ulipiga mji wa Tempe, ukang'oa miti, ukaharibu majengo, na wapangaji wakalazimika kuhama vyumba vyao. Kwa mwenye bima ya mpangaji, tukio la namna hiyo ni lake: ni upepo. Lakini kama yangekuwa maji yaliyopanda kutoka barabarani, bima hiyo hiyo isingemlipia kitu, wala siku za kulala kwingine. Hapo angehitaji bima ya mafuriko, ambayo mpangaji anaruhusiwa kuinunua kwa ajili ya vitu vyake peke yake, hadi dola 100,000, ingawa hata hiyo hailipii malazi ya muda.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na ushauri wa jumla kwamba kila mtu anunue kila kitu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana haja ya kulipia maji ya barabarani kwa ajili ya makochi yake. Anachohitaji ni kinga ya upepo na paa, na akumbuke kwamba gari lake linalala chini. Mpangaji wa ghorofa ya chini, dirisha lake likitazama korongo, ana hesabu nyingine kabisa. Wote wawili wako jengo moja na pengine wanalipa bima ya aina moja, kwa sababu waliinunua siku ya kusaini mkataba wa nyumba, katika ukurasa ambao wakala aliwaambia ni utaratibu tu. Tukio la Tempe linaonyesha jambo jingine pia. Lilitokea wiki mbili baada ya msimu kwisha rasmi, na katikati ya siku zile ambazo mpango wa mafuriko ulikuwa umefungwa. Kalenda ya dhoruba na kalenda ya Bunge hazikuwasiliana.

Kwa wenye nyumba zao kuna mambo mawili yanayojificha kwenye kurasa za nyuma. La kwanza ni kile kiasi unachojilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Wengi wanakijua kama namba moja, tuseme dola 1,000. Lakini mikataba mingi sasa ina kiasi cha pekee kwa upepo na mvua ya mawe, nacho huandikwa kwa asilimia ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima. Nyumba iliyokatiwa dola 350,000 ikiwa na asilimia 2, mwenye nyumba anajilipia dola 7,000 kwanza. Paa lililoharibika kwa dola 6,000 halitaleta senti. La pili ni jinsi paa linavyothaminiwa. Mkataba mmoja unalipa gharama ya kuweka paa jipya. Mwingine unalipa thamani ya paa lilivyo leo baada ya kuchakaa, na jua la Arizona huchakaza haraka. Hati mbili zenye ada zinazokaribiana zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya dola siku ya madai, na tofauti yenyewe ni maneno matatu au manne.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Flagstaff, kule juu kwenye misonobari. Mwezi Julai 2019 moto uliopewa jina la Museum uliteketeza takriban ekari 2,000 za msitu juu ya mji. Mlima ulioungua hauna majani ya kuzuia matone wala mizizi ya kushika udongo, na udongo wenyewe, baada ya kupikwa na moto mkali, unaweza kuyasukuma maji badala ya kuyanyonya. Wataalamu waliwaonya watu wa mitaa ya chini. Kisha msimu wa 2019 ukapita mkavu, na wa 2020 ukapita mkavu. Kiangazi cha 2021 mvua zikaja, na maji meusi yenye majivu na magogo yakateremka mara baada ya mara kwenye mitaa ambayo watu walikuwa wakiishi bila kuwazia mafuriko. Mtu aliyenunua bima mwaka 2019 kwa hofu na kuiacha mwaka 2021 kwa sababu hakuona maji, alilipia miaka miwili ya ukavu na kuukosa mwaka mmoja wa maji. Mji wa Globe, uliofurika tarehe 26 Septemba 2025 na kupoteza watu, uko katika eneo ambalo moto wa Telegraph wa mwaka 2021 ulikuwa umeunguza nchi kubwa kuuzunguka. Miaka minne imepita kati ya moto na maji. Kuna kifungu cha sheria kinachofuta ule muda wa kusubiri siku 30 ikiwa mafuriko yametokana na moto kwenye ardhi ya serikali kuu na hati ilinunuliwa ndani ya siku 60 tangu moto kudhibitiwa. Ni kifungu kizuri, lakini kinamsaidia tu anayekijua, na barua za kukitangaza sijaziona kwa Kiswahili.

Nakuja kwa wanaopinga. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni ya fedha, na siipuuzi. Tangu Oktoba 2021 mpango wa mafuriko unapanga ada kwa kuangalia kila nyumba ilivyo: umbali wake na maji, urefu wa sakafu, gharama ya kuijenga upya. Kwa baadhi ada imeshuka, kwa wengi imepanda, na kwa nyumba nyingi sheria inaruhusu ipande hadi asilimia 18 kwa mwaka. Familia inayochagua kati ya ada hiyo na dawa za mtoto haihitaji mhadhara wangu. Ninachosema ni kwamba uchaguzi ufanywe kwa kujua. Mtu akisema, nimeangalia, sakafu yangu iko juu, korongo liko mbali, nitaweka akiba yangu mwenyewe, huyo ameamua. Mwingine anasema sina haja kwa sababu hapa ni jangwa. Huyo bado hajaamua chochote.

Hoja ya pili ni kwamba makampuni hayalipi. Ina ukweli ndani yake, na mama wa Uvira ni ushahidi wa namna mtu anavyoweza kulipa miaka na kuambulia barua. Lakini sehemu kubwa ya madai yanayokwama, kwa ninavyoyaona ninapowasomea watu makaratasi yao, yanakwama kwa sababu mbili: hati haikuwa ya maji yale, au mwenye mali hana namna ya kuonyesha alikuwa na nini. Sababu ya kwanza inatibiwa kwa kusoma mwezi wa Aprili. Ya pili inatibiwa kwa simu: kupiga picha za kila chumba, kabati likiwa wazi, na kumtumia ndugu aliye mji mwingine.

Wapo pia ndugu Waislamu wanaoepuka bima kwa sababu ya dini, na mjadala huo ni wa wanazuoni, siuingilii. Naomba tu ifikiriwe pamoja nao kwamba msaada unaotolewa na serikali baada ya maafa mara nyingi huja kama mkopo wenye riba. Anayekwepa jambo moja asije akasukumwa kwenye jingine bila kutarajia.

Na hapo tunafika kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo bahati mbaya ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa: serikali itatusaidia. Ili mtu apate msaada wa nyumba kutoka idara ya maafa ya serikali kuu, kwanza gavana lazima aombe, kisha rais atangaze maafa, na tangazo liseme wazi kwamba linahusu watu binafsi, kwa kuwa mengine hulipia barabara na madaraja tu. Dhoruba ya jangwani kwa kawaida huharibu mitaa michache na kuacha mji uliobaki ukiwa mkavu. Nyumba 40 zilizoingia maji ni msiba kwa familia 40, lakini mbele ya wanaopima maafa ya nchi nzima, yenye vimbunga vya Florida na moto wa California, ni jambo dogo. Tangazo lisipotoka, hakuna fomu ya kujaza. Likitoka, msaada hukusudiwa kumwezesha mtu kulala pakavu. Haukusudiwi kumrudishia alichokuwa nacho. Mtu anayejenga usalama wa watoto wake juu ya tangazo la rais anakuwa ametegemea kitu ambacho hakijawahi kuahidiwa.

Wanaosema kwamba ramani inawaonyesha nje ya eneo la hatari nao wanastahili jibu. Ramani za serikali huchora mstari. Ndani ya mstari nafasi ya mafuriko ni angalau asilimia 1 kila mwaka, na benki inakulazimisha kuwa na bima. Nje ya mstari hulazimishwi. Asilimia 1 ikikaa na nyumba kwa miaka 30 ya mkopo inakuwa takriban asilimia 26, yaani nafasi moja kati ya nne. Na nje ya mstari si kukavu: takwimu za serikali kati ya 2014 na 2018 zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya madai yalitoka kwenye nyumba zilizo nje ya maeneo ya hatari kubwa. Mstari unakuambia benki inaogopa nini. Maji hayana nakala ya ramani ile. Ndugu zetu wa Ghuba wanalijua hilo bila kuelezwa. Oktoba 2021 kimbunga Shaheen kilipiga pwani ya Batina huko Omani, na tarehe 16 Aprili 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu ukapata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949, milimita 254 na zaidi karibu na Al Ain. Wenye bima ndogo za magari walibaki na vyuma vilivyojaa matope.

Kama hoja hii ni sahihi, kuna mambo yanapaswa kubadilika katika namna tunavyojipanga, na mengine hayahitaji fedha. Vyama vyetu vya Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania hapa Arizona hukutana mara kwa mara kwa misiba na sherehe. Kikao kimoja mwishoni mwa Aprili kingetosha: kila familia ije na hati zake, na vijana wanaosoma Kiingereza cha mikataba wasome kwa sauti sehemu mbili tu, ile inayosema maji gani hayalipwi na ile inayosema mwenye hati ajilipie kiasi gani kwanza. Ninasema mwishoni mwa Aprili kwa sababu anayegundua pengo tarehe 30 Aprili ana wiki mbili za kutafuta fedha kabla ya 16 Mei, siku ya mwisho ya kununua ili kinga ianze pamoja na msimu. Mfuko wa chama, ambao leo unasubiri msiba, ungeweza kumkopesha mwanachama wa ghorofa ya chini ada ya mwaka, arejeshe kidogo kidogo. Mashirika yanayowapokea wakimbizi huwafundisha wageni kufungua akaunti ya benki na kupanda basi. Somo la bima ya mpangaji na tofauti ya bima kubwa na ndogo lingeingia katika wiki hizo hizo, kwa Kiswahili, kabla mtu hajasaini ukurasa alioambiwa ni utaratibu tu.

Lililo nje ya uwezo wetu ni Bunge. Tangu mwaka 2017 mpango wa mafuriko umeongezewa muda zaidi ya mara 30, kila mara kwa muda mfupi, na hakuna dalili kwamba mtindo huo umekwisha. Kwa hiyo dirisha linaweza kufungwa tena, na linaweza kufungwa wakati wowote wa mwaka. Mama wa Uvira sasa ana hati mbili, moja ya nyumba na moja ya mafuriko. Ya mafuriko anaihuisha mwezi Machi. Nilimwuliza kwa nini Machi, mapema hivyo. Akasema huo ndio mwezi ambao hakuna anayegombana na mtu juu ya mvua.